Pambo Lenye Kisingizio

Haya ni maneno niliyoyasema jioni moja mjini Mombasa, mbele ya vijana wanaosomea ufundi pamoja na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimeondoa mizaha miwili mitatu iliyowahusu watu waliokuwamo ukumbini.

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: assalamu alaykum, na habari za jioni.

Nilipoombwa nije kuzungumza juu ya saa za kifahari, mke wangu alicheka. Akaniambia, "Wewe mwenyewe huvai saa." Ni kweli. Fundi akivaa saa yenye mkanda wa chuma ataikwaruza meza, na kesho ataikwaruza mali ya mtu. Miaka 31 nimekaa kwenye meza ile ile, lenzi jichoni, na nimeshika saa zenye bei ya nyumba. Hata moja si yangu. Basi leo mnamsikiliza mpishi akisimulia karamu asiyoalikwa.

Swali nililopewa ni hili: kwa nini mtu mwenye akili timamu atoe pesa za gari anunue saa ya mkono, ilhali simu ya shilingi elfu tano inamwonyesha majira sahihi zaidi?

Nimelizungusha swali hilo kichwani wiki nzima. Ninaloliona mimi ni kwamba saa ni pambo lenye kisingizio. Pete haina kisingizio. Mkufu hauna. Ukiuvaa, umejipamba, na kila mtu anajua. Lakini mwenye saa ya dhahabu, ukimtazama sana, atakujibu, "Mimi natazama majira tu." Kisingizio hicho kina umri wa karibu miaka mia tano, na historia yote ya saa hizi naiona imo ndani yake.

Twendeni Geneva, katikati ya karne ya 16. Mji uko chini ya mkono mzito wa mhubiri Jean Calvin. Vito na mapambo vikapigwa marufuku, vikahesabiwa kuwa majivuno mbele ya Mungu. Masonara wakabaki na mikono yenye ujuzi na kazi hakuna. Wakati huo huo Waprotestanti waliokuwa wakikimbia mateso Ufaransa walikuwa wakimiminika mjini, na miongoni mwao walikuwamo mafundi saa. Masonara wakakaa nao, wakajifunza, wakahamia kwenye ufundi wa saa. Saa iliruhusiwa kwa sababu ni chombo cha kazi, hata mcha Mungu anaihitaji asichelewe ibada. Ikishakubaliwa kuwa chombo cha kazi, nani atakuuliza kwa nini mfuniko wake umenakshiwa maua? Mwaka 1601 mafundi saa wa Geneva walikuwa tayari na chama chao chenye kanuni.

Sasa sikilizeni kichekesho. Saa zenyewe zilikuwa hazishiki majira! Zilikuwa na akrabu moja tu, ya saa. Ya dakika ya nini, na chombo chenyewe kinapotea robo saa, nusu saa kwa siku? Mambo yalianza kubadilika mwaka 1675, Mholanzi Christiaan Huygens alipotangaza ile springi nyembamba kama unywele inayokaa juu ya gurudumu la mizani na kulirudisha kila linapozunguka. Kabla ya hapo mtu wa Ulaya alibeba shingoni kitu cha thamani kubwa kilichomwambia majira kwa kubahatisha. Muadhini wetu akitazama kivuli cha ukuta alikuwa na uhakika zaidi.

(Na sisi, nikumbushe, hatuna haki ya kumcheka mtu kwa namna anavyosoma saa. Akrabu fupi ikisimama kwenye 8 tunasema saa mbili. Mswisi anahangaika miezi kuipanga ile namba 8 ikae sawasawa, sisi tunatazama upande wa pili wa duara.)

Karne ya 18 ndiyo iliyotia bidii kwenye usahihi. Mabaharia walikuwa wakipotea na kufa kwa kutojua wako wapi baharini, na Bunge la Uingereza likatoa ahadi ya zawadi mwaka 1714: pauni 20,000 kwa atakayeweza kuipima longitudo, yaani chombo kiko mashariki au magharibi kiasi gani, jambo linalowezekana ukiwa na saa isiyokosea. Seremala mmoja, John Harrison, akatumia karibu maisha yake yote kuitafuta. Saa yake ya nne, pana kama kisahani, ilipelekwa Jamaika kwa jahazi mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde tano. Sekunde tano! Hapo kisingizio kikawa kweli. Saa nzuri ilikuwa inaokoa roho za watu.

Lakini kule Paris, pambo halikulala. Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel, alikuwa fundi hodari kuliko wote wa zama zake, na wateja wake walikuwa wafalme. Mwaka 1783 akapokea oda ya saa kwa ajili ya malkia Marie-Antoinette: iwe na kila ujuzi unaojulikana, dhahabu itumike kila panapowezekana, bei isiulizwe, muda usihesabiwe. Muda haukuhesabiwa kweli. Malkia alikatwa kichwa mwaka 1793, saa haijaisha. Breguet mwenyewe akafa mwaka 1823, saa haijaisha. Ilikamilika mwaka 1827, miaka 44 baada ya kuagizwa. Nyinyi vijana mnaowaambia wateja "njoo kesho", mna mwenzenu. Saa hiyo iliibwa kwenye jumba la makumbusho Jerusalem mwaka 1983, na ilikaa mafichoni zaidi ya miaka 20 kabla ya kupatikana.

Breguet ndiye aliyesajili pia kile kizimba kinachozunguka, turbiyoni, mwaka 1801. Kazi yake ni kuugeuzageuza moyo wa saa ili mvuto wa dunia usiuvute upande mmoja siku nzima. Kwa saa iliyokaa wima mfukoni, hekima hiyo inaeleweka. Kwa saa ya mkononi inayogeuka huku na huku kila unapokuna kichwa, faida yake ni ndogo mno. Na bado leo ndiyo saa ya turbiyoni inayouzwa kwa bei ya kutisha, na dirisha hukatwa usoni ili kizimba kionekane kikicheza. Mnakiona kile kisingizio?

Saa ya mkononi sitaikalia sana. Kwa muda mrefu wanaume waliiona bangili ya kike. Rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont alimlalamikia rafiki yake Louis Cartier kwamba hawezi kuchomoa saa mfukoni huku ameshika usukani wa ndege, na Cartier akamtengenezea ya mkononi mwaka 1904. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwanajeshi kwenye handaki, bunduki mkononi, hana mkono wa tatu wa kutafuta mfuko. Waliorudi wazima walirudi wamevaa saa mkononi, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wamevaa bangili.

Hapo anaingia Hans Wilsdorf, Mjerumani aliyebaki yatima akiwa na miaka 12. Mwaka 1905 alianzisha biashara ya saa London akiwa na shemeji yake, mwaka 1908 akasajili jina la Rolex, na baada ya vita akahamia Geneva. Kwa ufundi, wapo waliomzidi. Kwa kuujua moyo wa mnunuzi, sidhani. Mwaka 1926 alitoa saa yenye kasha linalofungwa kwa skrubu lisiingize maji, akaiita Oyster, yaani chaza. Alichokosa ni mtu wa kuithibitisha.

Tarehe 7 Oktoba 1927 mpiga taipu wa London, binti Mercedes Gleitze, aliogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza, wa kwanza kati ya wanawake wa Kiingereza. Siku chache baadaye mwanamke mwingine akadai naye kavuka, kisha ikafichuka kwamba kadanganya. Shaka ikamwangukia na Mercedes. Ikabidi aingie tena baharini tarehe 21, maji yakiwa ya baridi kali, na Wilsdorf akampa saa aende nayo. Tarehe 24 Novemba tangazo likajaza ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail: saa imeushinda mlango wa bahari.

Hadithi hiyo mtaikuta kila mahali. Wasilolisema ni kwamba mara ile ya pili Mercedes hakufika. Baada ya saa zaidi ya kumi majini baridi ilimzidi, wakamtoa wakampandisha chomboni. Na saa ilikuwa imening'inia shingoni, wala si mkononi. Lakini ilikuwa inatembea, na waandishi walishuhudia. Mimi simlaumu Wilsdorf, kwani hilo la kutembea ni kweli tupu. Ila tangu siku ile biashara hii ilijifunza kuuza bahari kwa watu wasioingia baharini. Nina mteja, mzee wangu wa karibu, ana saa iliyoandikwa kuwa inastahimili kina cha mita 300. Tukienda Bamburi hukunja suruali, akasimama pale povu linapoishia.

Sasa nifike pale kisingizio kilipovunjika.

Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko iliweka sokoni Tokyo saa iitwayo Astron. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, sawa na gari dogo jipya. Ndani hamna springi ya kutia ufunguo. Kuna betri na kipande cha kwatsi, jiwe ambalo ukilipitishia umeme linatetemeka bila kukosea. Katika saa za siku hizi kipande hicho hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Namba hiyo msidhani imeokotwa. Igaweni kwa mbili, kisha kwa mbili tena, mara 15, mtabaki na moja. Hiyo moja ndiyo sekunde, na ndiyo maana akrabu ya saa ya betri huruka mara moja, ikatulia, ikaruka tena.

Astron ilipotea kama sekunde tano kwa mwezi. Saa ya ufunguo, hata iliyofaulu mtihani wa usahihi wa Uswisi, inaruhusiwa kupotea kiasi hicho kwa siku moja. Tena bei ya kwatsi ikaporomoka, ndani ya miaka michache ikawa saa ya kila mtu. Mwaka 1970 viwanda vya saa vya Uswisi vilikuwa na wafanyakazi wapatao 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Fikirieni mabonde yale ya milima ya Jura, ambako babu na babu wa babu walikaa dirishani wakati wa theluji wakichonga magurudumu. Waliuza mashine zao kama vyuma chakavu, kwa kilo.

Katika mji wa Le Locle alikuwapo msimamizi wa karakana wa kiwanda cha Zenith, Charles Vermot. Mwaka 1969 kiwanda chao kilikuwa kimetoa saa ya kupimia mbio iitwayo El Primero, inayojitia ufunguo yenyewe, ambayo moyo wake hupiga mara 36,000 kwa saa, yaani kumi kwa sekunde. Baadaye kiwanda kikawa mali ya kampuni ya redio ya Chicago, na mwaka 1975 amri ikatoka Marekani: saa za ufunguo basi, ni kwatsi tu, vyombo vya zamani viuzwe. Vermot akawaandikia mabosi kuwasihi, hakusikilizwa. Basi kidogo kidogo, kazi ikiisha na watu wakienda makwao, alibeba vyombo vya kutengenezea El Primero, kalibu, visu, michoro, akavipandisha darini. Akaviwekea alama kimoja kimoja, akaandika daftari la jinsi kila kimoja kinavyotumika, kisha mlango wa dari ukazibwa.

Kwa sheria ya mwajiri, bwana huyu alivunja amri. Kwa sheria yangu mimi, angejengewa sanamu. Miaka ya 1980 soko lilipoanza kugeuka na kiwanda kutaka kurudia mashine ile, kutengeneza vyombo vipya kungegharimu mali isiyopatikana. Vermot akawapeleka darini. Mwaka 1988 Rolex yenyewe ilitoa saa yake ya Daytona yenye mashine hiyo, ikiwa imeipunguza kasi kidogo, ikaitumia hadi mwaka 2000.

Soko liligeukaje? Wako waliopigana kwa bei ya chini: Nicolas Hayek, mzaliwa wa Beirut, na Swatch ya plastiki ya mwaka 1983. Lakini wengine walipanda juu. Kampuni ya Audemars Piguet ilimpa mchoraji Gérald Genta usiku mmoja achore saa ya chuma, na mwaka 1972 wakaiuza kwa faranga 3,300, ghali kuliko saa nyingi za dhahabu za siku zile. Chuma! Skrubu nane zimewekwa nje, wazi, kama za dirisha la meli. Watu waliguna. Leo mwenye pesa anaisubiri kwenye foleni ya miaka.

Naona hapo ndipo walipoacha kujitetea. Betri ilipochukua kazi ya kushika majira, saa ya ufunguo haikubaki na kisingizio, na aliyeinunua ilibidi akubali anachokipenda: kwamba kuna mtu alikaa akaung'arisha ukingo wa kipande ambacho hakitaonekana mpaka fundi aifungue. Na kwamba baada ya miaka 80 fundi anaweza kuifungua. Patek Philippe ya Geneva huahidi kuhudumia saa yake yoyote tangu ilipoanza mwaka 1839. Simu yako ya mwaka juzi nani anakuahidi hivyo?

Haya ya zamani ya Calvin hayakwisha, msidhani. Mwaka 2012 watu walitazama kwa makini picha ya Patriaki Kirill wa Moscow, mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi, kwenye tovuti ya kanisa lake. Mkononi hamna kitu. Lakini meza imeng'arishwa kama kioo, na kwenye kioo hicho imo saa, inang'aa. Waliifuta mkononi wakaisahau mezani. Kanisa likaomba radhi kwa kuichezea picha. Saa ilikuwa Breguet.

Nimalizie na upande wa nyuma wa saa, maana sisi mafundi tunazijua kwa migongo.

Mwigizaji Paul Newman alikuwa na Rolex Daytona ya chuma aliyopewa na mkewe, Joanne Woodward. Alikuwa anashiriki mashindano ya magari, na mke akachoresha mgongoni maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya "endesha kwa uangalifu, ni mimi". Mwaka 1984 Newman akaivua akampa kijana aliyekuwa mpenzi wa bintiye, kwa kuwa kijana hakuwa na saa. Oktoba 2017 ikapigwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Aina hiyo hiyo, wakati ilipokuwa mpya, ilikaa kwenye makabati ya maduka hainunuliwi.

Mimi pia nimewahi kushika saa yenye maneno mgongoni. Nilikuwa na miaka minne kazini, mikono myepesi, kichwa kikubwa. Kijana mmoja aliniletea saa ya marehemu baba yake, aliyefanya kazi melini Ghuba. Alikuwa anaoa Ijumaa, akataka ing'ae kama mpya. Nikaiosha, nikaitia mafuta, nikabadilisha mpira wa kuzuia maji. Kisha nikaipeleka kwenye gurudumu la kung'arisha. Mgongoni kulikuwa na mikwaruzo hafifu, niliona kama herufi, lakini haikuchorwa na mashine, nikadhani ni uchakavu. Nikaisugua mpaka nikaona meno yangu.

Kijana alifurahi, akaniongezea na bakshishi. Jumatatu mama yake alikuja. Hakuniambia neno baya. Alikaa kwenye kigoda, akaigeuza saa, akawa anapitisha kidole gumba pale mgongoni, anarudia, anarudia, kama mtu anayetafuta mwanzo wa utepe. Mumewe alikuwa ameandika jina lake kwa ncha ya msumari, akiwa baharini. Nilimwomba radhi. Akasema, "Hukujua, mwanangu." Kisha akaniuliza kama ninaweza kurudisha.

Tangu siku hiyo sing'arishi mgongo wa saa bila kumuuliza mwenyewe mara mbili.

Mwenyekiti ananionyesha kwamba wakati umekwisha, na naona ametazama simu. Nimekuja na saa moja, iko kwenye kile kisanduku pale mezani, mwenyewe ameniruhusu. Mfuniko uko wazi. Upande wa ndani wa mfuniko mtaona mikwaruzo midogo: ni tarehe na alama za mafundi walioifungua kabla yangu, kila mmoja na mwandiko wake, wa kwanza ni wa mwaka 1958. Nimezihesabu saba. Ya nane ni yangu. Anayetaka kuona apite mbele, lenzi ipo, lakini tafadhalini msiipumulie.